Paa la Asbesto: Sheria za Kenya na Siku Fundi Anapopanda Ngazi



1. Utangulizi

Madarasa, maghala na nyumba nyingi za watumishi wa umma nchini bado zimeezekwa kwa asbesto. Hoja yangu ni moja: sheria zetu zimeishika asbesto vizuri ikishakuwa taka, lakini zimeilegezea ikiwa bado ni paa. Madhara makubwa hutokea katikati ya hali hizo mbili, siku paa linapobomolewa.

2. Hatari yenyewe

Asbesto ni madini yenye nyuzi. Karatasi nzima ya paa, isiyoguswa, hutoa nyuzi chache. Ikikatwa kwa msumeno au kuvunjwa kwa nyundo, nyuzi zisizoonekana kwa macho huruka na kukaa mapafuni. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aina zote za asbesto katika kundi la 1, la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, huweza kuchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Kufikia hapo huenda kampuni iliyomwajiri mgonjwa imeshafungwa na kumbukumbu zimepotea. Kwa hiyo sheria ya fidia pekee haitoshi. Inahitajika sheria ya kuzuia.

3. Sheria tulizonazo

Mazingira: Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 ziliiorodhesha asbesto miongoni mwa taka hatari. Anayeisafirisha na anayeitupa lazima wawe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Kazini: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kupima hatari na kumlinda mfanyakazi. Inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu. Maana yake ni kwamba nyumba ya mtu, siku fundi anapopanda kung'oa paa, ni mahali pa kazi. Jambo hili halisemwi vya kutosha.

Katiba: Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Kwa ugonjwa unaojificha miongo mizima, hiki ndicho kifungu chenye nguvu kuliko vyote. Mzazi hahitaji kusubiri mtoto augue.

4. Pengo

Mwenye nyumba anapotaka mabati mapya humwita fundi wa mtaani. Karatasi kuukuu hugongwa kwa nyundo, hutupwa chini, kisha vipande huishia kwenye banda la kuku au kujazia mashimo ya barabara. Msafirishaji mwenye leseni haitwi, kwa sababu gharama ni kubwa na hakuna anayeuliza.

Kwa kulinganisha, Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, lakini haikukomea hapo. Kanuni zake za 2012 zinamtaka msimamizi wa jengo lisilo la makazi aitafute asbesto, aandike ilipo na hali yake, na amwarifu yeyote atakayeigusa. Hilo la kumwarifu fundi kabla hajapanda ndilo tunalolihitaji zaidi.

5. Mapendekezo

(a) Kila jengo la umma liwe na daftari la asbesto, shule zikitangulia.

(b) Serikali za kaunti zisitoe kibali cha kuezeka upya au kubomoa kabla ya ukaguzi wa asbesto.

(c) Kaunti ziandae ukusanyaji wa gharama nafuu kwa wenye kipato kidogo. Sheria isiyomudika hukwepwa.

(d) Vyuo vya ufundi vifundishe kulowesha karatasi kwa maji, kufungua boliti badala ya kuvunja, kufunga taka kwa plastiki nzito na kuvaa kinga halisi ya kupumulia. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi.

6. Hitimisho

Ninaomba semina hii ipitishe azimio moja la kupelekwa NEMA na kwenye idara ya usalama kazini: daftari la asbesto la shule liwe sharti la kisheria, na kila fundi alisome na kulitia saini kabla ya kazi kuanza. Vifungu vya kutuunga mkono tunavyo tayari. Iliyobaki ni kazi ya kuandika kanuni, na wanaoweza kuianza wamo humu ndani.