Genge Hushiba kwa Woga Wetu



Msidhani genge la wahalifu ni wahuni wachache tu. Mafia ya Sisilia ilijengwa kwa ngazi kama serikali. Chini wamo askari. Kila askari kumi hivi wana mkuu wao. Juu yao yuko mkubwa wa “familia”, na makamu wake na mshauri. Askari hupokea amri kwa mkuu wake, na atoaye siri huuawa.

Chakula chao ni fedha za woga: mwenye duka hulipa ili duka lisichomwe moto. Mjini Palermo, Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo, alikataa hadharani. Wenzake wakamwacha peke yake. Tarehe 29 Agosti 1991 akauawa. Tangu mwaka 2004 vijana wa mji huo wakawaunganisha wenye maduka wakatae pamoja, na mamia wakajiunga.

Ndugu zangu, mmoja akikataa huonewa. Wote wakikataa, genge hufa njaa. Basi atakayekudai fedha kwa jina la chama bila stakabadhi, usimpe. Mlete mbele ya mkutano wa tawi, nasi tutasimama nawe.

Umoja ni nguvu!