Watunzi Walionyamaza: Tamthiliya ya Kiswahili na Riziki ya Mtunzi



Naanza na dawati. Nilikuwa kidato cha tatu nilipokutana na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na nilikutana nayo nikiwa nimekaa. Mwalimu alisoma, sisi tukaandika: dhamira, ujumbe, wahusika, matumizi ya lugha. Kinjeketile alipotoka mtoni akiwa mkavu, hatukumwona akitoka. Tulipiga mstari wa kalamu nyekundu chini ya maneno hayo kwa kuwa yangeweza kuulizwa. Miaka ilipita ndipo nikaiona tamthiliya hiyo ikichezwa, na kilichonishtua ni jinsi ilivyojaa ukimya. Kitabuni ukimya hauonekani; maneno yamepangana tu, moja baada ya jingine. Jukwaani mtu anaulizwa swali, hajibu, na ukumbi mzima unashika pumzi.

Ukimya huo umenifanya nifikirie ukimya wa aina nyingine. Hussein alizaliwa Lindi mwaka 1943. Tamthiliya yake ya mwisho kuchapishwa, Kwenye Ukingo wa Thim, ilitoka mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 45. Profesa Penina Muhando, ambaye wengi wenu mnamfahamu kama Profesa Mlama, alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, mkoani Morogoro. Lina Ubani, ya mwisho katika mfululizo wa tamthiliya zilizomjengea jina, ilitoka mwaka 1984. Alikuwa na miaka 36. Mtunzi wa mashairi wa umri huo tunamwita kijana. Kwa nini basi wawili hawa, ambao kwa maoni yangu hawajapata kuzidiwa katika utunzi wa tamthiliya za Kiswahili, waliweka kalamu chini mapema hivyo?

Wapo wanaojibu kwa kutaja tabia: yule ni mtu wa kujitenga, huyu alipata vyeo. Majibu hayo yananifanya nione haya kwa niaba ya wanaoyatoa. Mimi nataka kuuliza swali la sokoni: mtunzi wa tamthiliya ya Kiswahili alikuwa anakula wapi?

Tamthiliya yetu iliyoandikwa ilizaliwa shuleni, na sidhani kama imewahi kuhama nyumbani kwao. Mwaka 1954, katika shule ya Alliance kule Kikuyu, Kenya, mwanafunzi Henry Kuria aliandika Nakupenda, Lakini, ikachezwa na wanafunzi wenzake, na mwaka 1957 ikawa kitabu. Shule hiyo ilikuwa na desturi ya kuigiza Shakespeare kila mwaka, na vijana wakajiuliza kwa nini lugha yao isipande jukwaa lile lile. Huku kwetu, Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ni jambo la fahari kuwa na rais aliyekesha na Shakespeare. Lakini hata yeye, kama watunzi wetu wote waliomfuata, alikuwa na ajira nyingine.

Hussein alikuja hapa chuoni kwetu, Mlimani, Dar es Salaam, miaka ya 1960, wakati masomo ya sanaa za maonyesho yalipokuwa yanaanza. Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, naye ana miaka 26. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, vinavyosimuliwa humo, havikuwa historia ya mbali kwa mtu wa Lindi. Kusini ndiko vilikowaka. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwaka 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Angalieni alichokifanya Hussein. Alionya tangu mwanzo kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa ubunifu, asichukuliwe kuwa yule wa historia. Kisha akampa tatizo ambalo, naamini, lilikuwa la mtunzi mwenyewe: mtu anasema neno, neno linatoka mikononi mwake, watu wanakwenda nalo vitani, naye hawezi tena kulirudisha. Mwishoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa. Si kwamba anaamini maji yanazuia risasi. Anajua kwamba akikana, waliokufa watakuwa wamekufa bure, na watakaozaliwa watasikia kwamba kupigana kulikuwa kosa.

Mnaona jinsi kijana wa miaka 26 alivyokuwa ameshatambua hatari ya kazi yake?

Miaka miwili baadaye ikaja Mashetani. Hapa serikali, ambayo ilikuwa imefurahia shujaa wa Maji Maji, ilikuta jambo gumu zaidi: marafiki wawili wasomi, Juma na Kitaru, mmoja ametoka katika ukoo ulionyang'anywa ukubwa wake na mapinduzi ya Zanzibar, mwingine katika jamaa inayopanda. Urafiki unaoza polepole mbele ya macho yetu. Hakuna wa kumpigia makofi. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza juzi, "Sasa Profesa, shetani ni nani?" Nikamwambia aende akalale na swali hilo wiki nzima. Nadhani bado analala nalo.

Kisha Hussein akaenda Berlin, upande wa mashariki, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt kwa utafiti juu ya maendeleo ya tamthiliya Afrika Mashariki. Ulikuwa mji wa mtunzi wa tamthiliya Brecht, na watu hupenda kusema kwamba aliporudi alikuja na Brecht begani. Mimi naona alichorudi nacho ni msimulizi wa hadithi, ambaye tayari alikuwa wetu. Mwaka 1976 alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi katika kitabu kimoja. Katika kazi zote mbili ule umati wa Kinjeketile umetoweka: wapiganaji, wanawake, askari, wazee, wote hawapo. Amebaki mtu mmoja anayesimulia kwa lugha ya kishairi, na sauti yake ndiyo inayobeba kijiji kizima.

Wahakiki wameeleza badiliko hilo kwa nadharia nzuri, nami nimewahi kuzifundisha. Leo naongeza sababu isiyo ya kinadharia. Umati unahitaji nauli. Unahitaji chakula cha mchana siku za mazoezi, mavazi, taa, ukumbi. Msimulizi mmoja anahitaji miguu yake tu. Siwezi kusema kwamba Hussein alipiga hesabu hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyewahi kufanya mazoezi na waigizaji 20 kwa bajeti ya waigizaji watatu ataisoma Jogoo Kijijini kwa jicho jingine.

Katikati ya miaka ya 1980 aliacha kazi chuoni. Ndipo ikaja Kwenye Ukingo wa Thim, iliyochota kutoka mgogoro wa Nairobi uliotikisa Afrika Mashariki yote: wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui, akashindana mahakamani na ukoo wa marehemu kwa miezi mitano juu ya mahali pa kumzika. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Mwaka uliofuata tu Hussein alikuwa ameshaitoa tamthiliya. Kwa hiyo msiniambie kwamba alikuwa amechoka. Baada ya hapo aliishi Dar es Salaam bila mikutano, bila mahojiano mengi, bila tamthiliya mpya. Tangu mwaka 2014 ipo tuzo yenye jina lake. Ni tuzo ya ushairi. Ushairi nao ameuandika, tena vizuri, lakini mimi kila mwaka hujiuliza: aliyetupa Kinjeketile, jina lake limeshindwa kupata jukwaa hata kwenye tuzo?

Profesa Muhando alipita njia nyingine. Hatia ilitoka mwaka 1972, ikafuatwa na Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu, Pambo, Talaka si Mke Wangu: karibu kila mwaka kitabu. Mwaka 1982 ikaja Nguzo Mama. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Kila mmoja anakuja na kamba yake, na shida zake, na ugomvi wake, na nguzo inakataa kusimama. Ni tamthiliya ya kuchekesha na kuumiza kwa wakati mmoja, na ngoma yake haikuwekwa pale kama pambo.

Miaka hiyo hiyo ya Nguzo Mama, mwandishi wake alikuwa anakwenda kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, pamoja na Profesa Amandina Lihamba na wenzao, kufanya kile tunachokiita sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Mtaalamu hafiki na mswada mkononi. Anakaa na wanakijiji, wanachambua matatizo yao, wanayatengeneza mchezo kwa ngoma na vichekesho vya pale pale, wanaucheza, halafu wanabishana. Mwaka 1996 njia hiyo ilizaa Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari walitunga na kuigiza wenyewe yanayowakwamisha masomoni. Mpango huo baadaye ulienea katika nchi kadhaa za Afrika.

Hapo ndipo ninapokataa kusema kwamba Profesa Muhando alinyamaza. Aliikabidhi kalamu. Lakini tuwe wakweli, kulikuwa na gharama: mchezo wa Malya haukubaki kitabuni, na sisi wasomaji tulimpoteza mtunzi ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaiva.

Sasa turudi sokoni. Je, hapakuwa na jukwaa lenye watu? Lilikuwepo! Waliokuwa Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 wanavikumbuka vikundi vya maonyesho vya Muungano, DDC Kibisa, na baadaye TOT. Kwenye kumbi za bia, kwa kiingilio mlangoni, usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu. Watu walijaa. Maigizo hayo hayakuandikwa. Waigizaji walipewa kisa, wakayajaza wenyewe. Redioni, wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi walisimamisha shughuli za nyumba. Kwa hiyo aliyekuwa na hadhira hakuwa na kitabu, na aliyekuwa na kitabu hakuwa na hadhira. Chuo cha Mlimani na mtaa wa Manzese vilitazamana kwa mbali, na ukinitaka nitaje dhambi moja ya idara yetu, nitataja hiyo.

Mtunzi wa kitabu alibakiwa na mshahara wa chuo na orodha ya vitabu vya shule. Marehemu Edwin Semzaba, aliyefundisha hapa, ameandika mengi, lakini muulize kijana yeyote atakutajia Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ile ya karani wa sensa anayezama katika mapenzi na Mazoea hadi hesabu ya watu inateketea motoni. Jina la Ngoswe limeingia katika mazungumzo ya mtaani kwa sababu kitabu kiliingia katika mtihani. Kenya ni vivyo hivyo: Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya cha Timothy Arege, Kigogo cha Pauline Kea, kila kimoja kilisomwa na nchi nzima kwa zamu yake, kisha orodha ikabadilika. Mchapishaji naye si mjinga. Nje ya orodha hachapi, na ndani ya orodha, nusu ya darasa itasoma nakala ya kudurufu kutoka steshenari ya jirani, ambayo mrabaha wake haumfikii mtu.

Nisiwasahau waliolipwa kwa sarafu nyingine. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliipeleka tamthiliya ya Kigikuyu kwa wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ilipata hadhira ya kweli, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa. Mwaka huo huo Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki, naye alitiwa kizuizini. Hussein na Muhando hawakupita huko. Lakini mnaona: palipokuwa na hadhira na mswada kwa pamoja, serikali ilikuwa ya kwanza kugundua nguvu yake.

Wahadhiri tuna ugonjwa wa kumaliza na mapendekezo. Nilikuwa nayo saba, nimeyaacha nyumbani. Badala yake nimemwomba binti mmoja wa mwaka wa tatu atufanyie Jogoo Kijijini. Hana mavazi, hana taa, na nauli amejilipia mwenyewe, nitamrudishia. Amefanya mazoezi kwenye korido yetu kwa wiki tatu, walinzi ni mashahidi. Naomba tuzime simu. Wenye vitabu, tafadhali vifungeni.