Shilingi ya Mjini na Shilingi ya Kisiwani

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu)



Barua ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya kazi yangu, na kazi yangu ni hesabu za fedha za serikali katika halmashauri. Najua si habari ya kuwachangamsha watu waliokwisha kula pilau. Lakini kuna jambo moja limenikaa rohoni, na afadhali nilisemee hapa nilipofundishwa kuhesabu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipitia vitabu vya shule moja ya msingi iliyo kisiwani, katika Ziwa Victoria. Mwalimu Mkuu alikuwa amenunua chaki, madaftari ya mahudhurio na karatasi za mitihani. Stakabadhi zote safi. Ila palikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na mwenye mtumbwi wa mashine, na nauli yake ilikaribia bei ya vitu vyenyewe. Nikaandika hoja: gharama ya usafiri imezidi kiasi, yatolewe maelezo. Nilikuwa bado kijana, na kalamu nyekundu ilikuwa tamu mkononi.

Mwalimu alivuka maji kuja kujibu, kwa fedha yake mwenyewe. Alileta muhtasari wa kikao cha wazazi. Walikuwa wamekubaliana kila kaya itoe dagaa, ziuzwe, ipatikane nauli ya safari iliyofuata. Hii ilikuwa baada ya Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza. Nilifunga hoja ile, lakini maelezo niliyopaswa kuyadai hayakuwa ya mwalimu.

Tazameni hesabu yenyewe. Sera ile ilipoanza, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zikaenda shuleni. Kiasi ni hicho hicho Kariakoo, na ni hicho hicho kisiwani. Shule ya mjini yenye watoto 1,000 ilipata shilingi milioni 6. Shule ya watoto 100 ilipata 600,000, yaani 50,000 kwa mwezi. Sasa mlinzi wa shule ndogo hali nusu sahani kwa kuwa watoto ni wachache, na safari ya kufuata mitihani ni moja tu kwa shule zote mbili. Kwa hiyo shule ya mbali huumia mara mbili, kwa umbali na kwa udogo wake.

Kadhalika chakula cha bweni sera ile ilipoanza: kilikuwa shilingi 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku, popote alipo. Sisi tuliosoma hapa tulilalamikia maharage (wengine wenu mligoma, majina ninayo), lakini gunia lilishushwa stesheni na kufika jikoni kwa mkokoteni. Hatukujua kwamba reli ile ilikuwa ikitulisha.

Wazee waliopo watakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 serikali ilimlipa mkulima wa mahindi bei moja nchi nzima. Wa Rukwa alipata sawa na wa karibu na Dar es Salaam, na gharama ya lori ikabebwa na serikali. Mzigo ule ulikuwa mzito mno na baadaye bei moja ikaachwa. Sisemi tuirudie. Nasema tu kwamba usawa wa wakati ule ulimfikia mtu nyumbani kwake. Usawa wa ruzuku yetu huishia benki, na kutoka hapo kila shule hujibebea.

Wala si kwamba serikali haikujua kupima umbali. Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05 ruzuku za halmashauri ziligawanywa kwa kanuni maalumu. Ya afya ilipima idadi ya watu kwa asilimia 70, na sehemu tatu za asilimia 10 kila moja: watu maskini, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, na urefu wa njia za magari ya afya. Ya elimu ya msingi ilihesabu watoto wa umri wa shule, pamoja na fungu la wenye mahitaji maalumu. Barabara ikahesabiwa kwa dawa, isihesabiwe kwa chaki!

Wengine husema tuige Uingereza, ambako fomula ya fedha za shule ina kipimo cha gharama za eneo. Tuwe waangalifu. Kule walimu wa London wana ngazi ya juu ya mshahara, hivyo kipimo hicho hupeleka fedha zaidi jiji kuu. Kwetu ngazi ya mshahara ni moja, na mwalimu aliyepata uhamisho wa kurudi mjini huondoka na mshahara wake. Fungu kubwa kuliko yote humfuata mwalimu, na mwalimu hufuata lami.

Wenzangu ofisini huniuliza: nani atapima? Kila Mwalimu Mkuu atasema yuko mbali. Ni kweli, nami ningesema hivyo. Lakini EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo za mafuta mji kwa mji, na humo umbali kutoka bandarini umekwisha kupigiwa hesabu. Tungeweza kuanzia hapo, tukaongeza kivuko palipo maji, na kuipa kila shule kiasi cha msingi kabla ya kuhesabu vichwa. Mjini nako kuna shida zake, madarasa yamefurika na ankara za maji hazingoji, kwa hiyo sitaki wapunguziwe. Nyongeza itafutwe kwingine, na kwa kuwa nakaa kwenye vikao vya bajeti najua ugumu wa neno hilo.

Nimekwisha kuandika pendekezo hili mara mbili. La kwanza halikujibiwa. La pili lilirudishwa likiwa na swali: kivuko kinahesabiwa kwa kilomita au kwa saa? Nilifurahi sana, maana kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amelisoma. Nimeandika kwamba ni kwa lita za petroli, na sasa nangoja.

Ndugu Mwenyekiti, maswali nitayapokea, hata ya kidato cha kwanza.