GAZETI LILILOITANGULIA KURA
Mazungumzo ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka wa kumi



Halmashauri imeniagiza nizungumze kwa muda mfupi, tena nisiwachoshe kwa tarakimu, maana hizo mtazikuta katika taarifa ya Mweka Hazina. Nimeona basi nizungumze juu ya magazeti ya zamani. Kila mmoja wetu anayajua: ndiyo yafungiayo dagaa dukani. Mimi hupenda kuyasoma kabla ya kuyatupa, nikajiuliza: kichwa hiki cha habari kingalikuwa kweli, leo tungalikuwa wapi?

Tuanze na mwaka 1835. Mwezi Agosti wa mwaka huo gazeti la The Sun la New York lilitoa mfululizo wa makala likisema kwamba Sir John Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekuwa Rasi ya Tumaini Jema, ameona kwa darubini yake viumbe wakaao mwezini. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye mabawa kama ya popo. Herschel alikuwako Rasi kweli, lakini habari hizo hakuzitoa yeye. Zilitungwa huko huko New York, na watu wengi waliziamini.

Fikirini lau zingalikuwa kweli. Bila shaka watu wale wa mabawa wangalikwisha kuunda chama chao cha ushirika, wakatuomba tuwapelekee karani wa kupima mazao. Nahofia ugomvi ungalianza siku ya kwanza. Mvuto wa mwezi ni kama sehemu moja katika sita ya mvuto wa dunia. Gunia la kahawa la kilo 60 likitundikwa huko katika mizani ya springi, mshale ungalisimama penye kilo 10. Mkulima angalilia kwamba ameibiwa, karani angaliapa kwamba hakuugusa mshale, na wote wawili wangalisema kweli! Dawa ingalikuwa kutumia mizani ya mawe, kwa kuwa jiwe nalo hupungua uzito pamoja na gunia. Naona baadhi ya makarani wetu wanatabasamu. Nawaarifu kwamba maombi ya uhamisho wa kwenda mwezini hayapokelewi.

Habari ya pili inatuhusu zaidi. Tarehe 2 Novemba 1948 Wamarekani walipiga kura ya kumchagua Rais. Bwana Harry Truman alikuwa akitetea kiti chake. Bwana Thomas Dewey, Gavana wa New York, alikuwa akikitaka. Wenye kukisia matokeo walisema Dewey hana budi kushinda. Gazeti la Chicago Daily Tribune lilikuwa katika shida, kwani wapanga chapa wake walikuwa wamegoma, na kazi ilibidi ianze mapema kuliko desturi. Basi halikungoja hesabu. Toleo la kwanza la tarehe 3 lilitoka na kichwa kikubwa: "Dewey Amshinda Truman." Kura zilipokwisha kuhesabiwa, aliyeshinda ni Truman, naye akapigwa picha katika stesheni ya St. Louis amelinyanyua gazeti lile huku akicheka.

Sasa tuchukulie kwamba neno likichapwa halifutiki. Januari 1949 Bwana Dewey angalifika Ikulu na gazeti mkononi, akamkuta Bwana Truman mlangoni na hesabu ya kura: mmoja amechaguliwa na wapiga kura, mwingine na wapiga chapa. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa wangalilazimika kugawana kiti, mmoja asubuhi na mwingine jioni, na kila barua ya mkulima aulizaye habari za mbolea ingalihitaji mihuri miwili. Sisi tunaongoja muhuri mmoja kwa wiki mbili tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Lakini yafaa kuuliza ni nani walioliumbua gazeti lile. Miongoni mwao walikuwa wakulima. Mwaka ule mahindi yalistawi sana, bei yake ikaanguka. Tena sheria iliyopitishwa mwezi Juni ilikuwa imelizuia shirika la Serikali, lililowakopesha wakulima kwa dhamana ya mazao, lisipate maghala mapya. Asiye na pa kuhifadhi hakupata mkopo huo; ikambidi auze kwa bei aliyoikuta. Truman aliwaeleza jambo hilo waziwazi. Majimbo ya Iowa, Ohio na Wisconsin, yaliyompa Dewey kura mwaka 1944, safari hii yalimpa Truman. Na Illinois, jimbo la gazeti lenyewe, nalo likampa Truman kura. Wakisiaji walikuwa wameacha kuwauliza watu mapema mno.

Wanachama wenzangu, nimelicheka gazeti la watu. Ni haki niutaje na ubao wangu. Miaka mitatu iliyopita niliandika penye matangazo: "Malipo ya pili yatatoka mwisho wa mwezi huu." Mnunuzi alikuwa ameahidi kwa mdomo, nami nilitaka kuwa wa kwanza kuwafurahisha. Fedha zilichelewa miezi minne. Hapa sina haja ya kubuni matokeo, kwa kuwa niliyaona. Mwanachama mmoja alikopa mabati kwa kuutegemea ubao ule, na mwenye duka akaja kuyachukua. Mtoto wa mama mmoja alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Msimu uliofuata wako waliowauzia walanguzi njiani, na sikuwa na uso wa kuwalaumu. Mzee mmoja alinijia ofisini, akasema taratibu: "Bwana Katibu, mwanangu, ubao ule sisi tunausoma kama tunavyoisoma mizani." Nilimwambia, "Nisamehe, mzee wangu." Sikuwa na neno jingine.

Tangu siku ile tangazo la fedha halibandikwi mpaka hati ya benki iwe mezani, na saini tatu chini yake: ya Mwenyekiti, ya Mweka Hazina na yangu. Wako wanaonung'unika kwamba tunachelewa. Ni kweli, tunachelewa.

Kitabu hiki nacho kilipendekezwa kiitwe "Miaka Kumi ya Ushindi." Niliomba kiitwe "Miaka Kumi" tu, kwa kuwa ghala la pili halijaezekwa na mkopo wake haujamalizika kulipwa. Neno lililobaki mtaliongeza ninyi wenyewe, siku mtakapokuwa mmekwisha kuhesabu.