Ufugaji wa Nyenje: Mnunuzi wa Kwanza ni Kuku Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Nimeombwa niseme juu ya kufuga wadudu wa kuliwa. Nawasikia mnaocheka huko nyuma. Chekeni tu, lakini kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, nani hapa hawagombei? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2013 kwamba watu kama bilioni 2 duniani wanakula wadudu. Basi aibu tuiweke kando.

Najua wengi mnataka senene. Senene ni mali, ila ni mali ya msimu: Novemba na Desemba, kisha kidogo Aprili na Mei. Huko Kagera, na Masaka kule Uganda, wanategwa kwa taa kali, mabati na mapipa. Wasipokuja mwaka huo, unabaki na mabati yako. Watafiti wamewafuga vibandani, lakini wa sokoni bado ni wa kutegwa.

Kwa hiyo nasema juu ya nyenje, yule anayelia usiku nyuma ya mtungi. Ng'ambo ya ziwa hili hili, huko Bondo nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kinawafanyia utafiti na kufundisha wakulima kuwafuga.

Kazi yenyewe si ngumu. Tafuta ndoo pana au kreti, weka trei za mayai ndani wapate pa kujificha, funika kwa wavu (jamani, si kile chandarua cha mbu!). Mbegu ni wale weusi wa shambani. Jike utamjua kwa mkia mrefu kama sindano, katikati ya ile mikia miwili mifupi. Anataga kwenye mchanga wenye unyevunyevu, na mayai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 14 hivi pakiwa na joto. Maji wape kwenye pamba iliyoloweshwa, maana wadogo wanazama hata kwenye kisoda. Chakula ni pumba, majani ya maboga, matembele, maganda ya papai. Majani yaliyopigwa dawa ya pamba usiwape kabisa, yatawaua. Baada ya miezi miwili au mitatu wamekomaa. Miguu ya meza itie kwenye makopo ya maji, la sivyo sungusungu watakumalizia (nasema wale wadudu, si jeshi letu la jadi).

Sasa lililo kubwa: nani atanunua? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Kenya mwaka 2013 na 2014 watu walikimbilia kufuga kware. Bei ilikuwa juu kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta mbegu. Walipokwisha kuwa nazo wote, walaji hawakuonekana, soko likafa. Kwa hiyo akija mtu na gari zuri kutuuzia mayai ya nyenje, akisema atayanunua tena mwenyewe, tumpe maji ya kunywa aende zake.

Mnunuzi tuliye naye leo ni kuku. Kwenye chakula cha kuku pumba tunayo, mashudu ya pamba tunayo, kinachotuumiza ni dagaa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalaza mitumbwi, bei inapanda, na hao dagaa ndio mboga ya watoto wetu. Nyenje aliyekaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Dagaa atakayeokolewa kwa kuku ataingia chunguni.

Atakayetaka kula mwenyewe ale: awachemshe kwanza, kisha awakaange au awaanike. Ila yule anayevimba akila kamba asiwaguse.

Rai yangu ni kwamba fedha za hisa zisiguswe. Zijitolee nyumba mbili, ndoo nne kila moja, kwa miezi sita. Waandike kwenye daftari nyenje waliovunwa, kwa kilo, na bei ya dagaa hapo mwaloni kila wiki. Mkutano ujao Katibu atusomee daftari hilo, ndipo tupige kura.