Mahali pa Kuanzia



Nimeombwa niseme machache, nami nitayatumia kulipa deni. Mwaka 1979, niliporudi hapa kufundisha baiolojia, kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza: seli inakili DNA yake yote kabla ya kugawanyika, je, inajuaje pa kuanzia? Sikujua. Badala ya kukiri, nilimwambia akae chini, hilo halimo katika mtihani. Leo ninalo jibu.

Mnalikumbuka shamba la shule. Lau sote tungeanza kulima pembe moja, tusingemaliza. Viranja walitupanga mapema na kugawa majembe, ndipo kengele ikalia. Seli nayo hufanya vivyo hivyo. DNA ya seli moja ya binadamu ina urefu wa kama mita 2, na hunakiliwa kwa muda wa saa 8 hivi, kuanzia makumi ya maelfu ya mahali.

Viranja wenyewe ni kundi la protini 6 liitwalo ORC. Stephen Bell na Bruce Stillman walilitangaza mwaka 1992, baada ya kulipata katika hamira. ORC hushika DNA, kisha kwa msaada wa protini Cdc6 na Cdt1 huuvisha uzi huo pete za protini za MCM. Hizo pete ndizo majembe. Katika hamira tunayoumulia mikate, mahali pa kuanzia pana mpangilio maalumu wa herufi za DNA. Kwa mamalia hakuna mpangilio mmoja wa namna hiyo. ORC hupendelea pale ambapo uzi haukukazwa sana, mara nyingi karibu na jeni zinazofanya kazi. Majembe hugawiwa mengi kuliko yanayohitajika, ili moja likikwama, la jirani lishike kazi.

Kengele ikishalia, ugawaji hukoma. Protini iitwayo jeminini huizuia Cdt1. Vinginevyo sehemu iliyokwisha kulimwa ingelimwa tena, na vurugu ya namna hiyo yaweza kuwa njia ya saratani. Na viranja wakiwa na kasoro, mwili hudumaa: mwaka 2011 ilibainika kwamba hitilafu katika jeni za ORC ni chanzo kimojawapo cha ugonjwa wa Meier-Gorlin, ambao watoto wake hubaki wafupi mno.

Ndugu zangu, kijana yule hakustahili kunyamazishwa. Kama yumo ukumbini, namwomba radhi, na asimame aulize tena. Safari hii nitakayekaa chini ni mimi.