Maradhi ya Kiharusi na Wajibu wa Chama Chetu



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya maradhi ya kiharusi, ambayo humpooza mtu upande mmoja wa mwili kwa ghafula, na juu ya matunzo ya yule aliyejaliwa kunusurika. Nashukuru kwa heshima hiyo. Jambo hili latuhusu sana, kwa kuwa chama chetu, kama vyama vingi vya watu wa Kitui na Makueni waishio mijini, kimezoea kukutana na maradhi haya mwisho wa safari yake, yaani tunapochanga fedha za jeneza na za gari la kumrudisha marehemu nyumbani. Leo naomba tuyatazame mwanzo wa safari yake.

Yafaa kwanza tuelewane kiharusi ni nini. Mshipa uupelekeao ubongo damu huziba, au hupasuka na damu ikamwagika ndani ya kichwa, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni presha, yaani damu kusukumwa kwa nguvu kupita kiasi kwa muda wa miaka mingi. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu aweza kulima shamba lake Mbooni, au kuendesha lori kutoka Mombasa hadi Makindu, naye yu mgonjwa asijue. Uchunguzi uliofanywa katika Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha, na kwamba watu 56 katika kila 100 walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani mwao.

Wako wasemao kiharusi ni kazi ya wachawi au ya mashetani. Sikusimama hapa kumcheka mtu, maana ugonjwa umwangushao mzee mwenye nguvu kati ya chai na chakula cha mchana lazima uwatie watu hofu. Lakini sikilizeni habari za jirani zetu wa Tanzania. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, waganga na wasaidizi wao waliandika kila kiharusi kilichotokea katika vijiji vya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, na katika mitaa fulani ya Dar es Salaam. Waliandika wagonjwa 453 kule Hai na 183 Dar es Salaam. Walipokwisha kulinganisha hesabu ya watu na umri wao, waliona kwamba Dar es Salaam walipatwa watu wapatao 316 katika kila 100,000 kwa mwaka, na Hai wapatao 108. Basi mjini maradhi yalizidi karibu mara tatu. Tena wachunguzi walipowauliza watu asili ya maradhi haya, walioyataja mashetani na uchawi zaidi walikuwa watu wa mjini, na wale wa Hai walitaja zaidi sababu za mwili. Tusidhani, basi, kwamba ujinga hukaa kijijini na elimu hukaa mjini. Sisi tuliohamia mjini ndio yatupasayo kujiangalia kwanza.

Dalili zake kila mtu azijue: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kuvurugika. Zikionekana, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa saa ile ile, wala asingojewe hadi kesho. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya ubongo kupigwa picha ili ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka. Kwa sababu hiyo hiyo mtu asimpe mgonjwa aspirini nyumbani akidhani anamsaidia. Kama mshipa umepasuka, aspirini yaweza kuzidisha kuvuja kwa damu.

Sasa nije kwenye dawa za kila siku, maana hapa ndipo tunapopoteza watu wetu wengi. Mwaka 2001 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 6,000, wa nchi mbalimbali, waliokuwa wamekwisha kupatwa na kiharusi au dalili zake. Nusu yao walipewa dawa za kushusha presha, na nusu vidonge visivyo na dawa. Katika muda wa miaka ipatayo minne, kwa kila 100 waliokosa dawa, 14 walipatwa na kiharusi tena. Kwa kila 100 waliopewa dawa, walipatwa 10. Watu wanne katika mia si neno dogo katika nyumba zile nne. Lakini dawa haimfai mtu ikiwa imelala kabatini. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, ni karibu nusu tu ya wenye maradhi ya kudumu wafuatao dawa zao kama walivyoagizwa, na kwamba katika nchi zilizo maskini hali ni mbaya zaidi.

Kwa nini mtu huacha dawa? Kwanza, kwa sababu anajiona mzima. Kwetu tunayajua mabwawa ya mchanga, ambayo wazee na akina mama waliyajenga kwa mwethya mitoni. Maji yake hayaonekani, lakini akiba imo ndani ya mchanga, na ukuta ndio uizuiao isiende. Dawa ya presha ni ukuta wa namna hiyo. Kazi yake haionekani, na aibomoaye hasikii kelele yo yote siku ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, kwa sababu ya umbali. Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na hesabu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu 1,136,187. Mama wa Mutha au wa Tseikuru aambiwaye arudi kila mwezi kuchukua vidonge hulipa nauli kubwa kuliko bei ya vidonge vyenyewe. Tatu, kwa sababu ya gharama. Makueni ilionyesha njia mwaka 2016 ilipoanzisha mpango wa kila nyumba kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya taifa imeondolewa, na Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika mahali pake. Kila mmoja wetu ahakikishe kwamba wazazi wake wameandikishwa, wala asingoje siku ya kulazwa.

Bwana Mwenyekiti, dawa iliyo njema yaweza pia kudhuru ikitumiwa ovyo. Tusiazimane vidonge, maana presha ya jirani si yangu. Dawa kali za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee hununua dukani kwa ajili ya magoti, hupandisha presha na kudhuru figo, daktari aambiwe. Mitishamba nayo itajwe mbele ya daktari bila haya. Na mahali pa kununua pachaguliwe, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba dawa moja katika kila kumi katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni hafifu au ya kughushi. Hata hospitalini, jamaa asione aibu kuuliza, “Dawa hii ni ya nani, na ni ya nini?” Mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa mmoja alipasuliwa kichwa badala ya mwingine kwa sababu ya kuchanganywa kwa majina. Kuuliza si utovu wa adabu, ni ulinzi.

Juu ya matunzo ya nyumbani, upendo tunao, lakini upendo hutaka maarifa. Mgonjwa asilishwe uji akiwa amelala chali, wala kabla ya kupimwa kama aweza kumeza, maana uji ukiingia mapafuni humletea maradhi ya mapafu yaliyo hatari. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Wala asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza, maana bega huteguka. Kule India, katika hospitali 14, wagonjwa 1,250 walichunguzwa ili ijulikane kama jamaa waliofundishwa kufanyisha mazoezi nyumbani wangeongeza nafuu ya wagonjwa wao. Matokeo yalitoka mwaka 2017: baada ya miezi sita, katika kila kundi watu 47 katika 100 walikuwa wamekufa au wanategemea wengine. Mafunzo yale hayakuleta tofauti. Maana yake si kwamba jamaa waache kutunza, bali kwamba jamaa peke yao hawawezi kushika mahali pa wataalamu wa mazoezi, na kwamba yatupasa kuwadai wataalamu hao katika hospitali zetu.

Wako wazee wanaowaogopa watafiti wajao vijijini na karatasi za maswali. Wakumbuke mwaka 2004, sumukuvu ya mahindi ilipoua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Wachunguzi waliketi na walioumwa na majirani wasioumwa pia, na hivyo ikajulikana kwamba hatari kubwa ilikuwa katika mahindi yaliyowekwa nyumbani yangali na unyevu. Maswali yale yaliokoa watu. Lakini mtu anayo haki ya kuelezwa kwanza, na ya kukataa bila kunyimwa matibabu, na kijiji kinayo haki ya kurudishiwa majibu.

Kwa hayo naleta mapendekezo matatu. La kwanza, chama kinunue mashine ya kupima presha, na kila mwanachama apimwe kila tukutanapo, hesabu yake ikitunzwa kwa siri. Nyumbani, wazee wawatumie wahudumu wa afya wa vijijini, ambao Septemba 2023 walianza kupewa mikoba yenye mashine hiyo. La pili, kila mgonjwa wa kiharusi wa jamaa zetu awe na mwethya wake: mmoja nyumbani wa kuhesabu vidonge, mmoja wa kushika karatasi za hospitali, na mmoja mjini wa kutuma nauli kabla dawa haijaisha. La tatu, na hili ndilo zito, sehemu ya mfuko wa mazishi itengwe kwa ajili ya dawa na nauli za wagonjwa.

Najua jibu la baadhi ya wazee, kwamba fedha za mazishi ni amana, na kwamba aibu ya kushindwa kumzika mtu wetu ni kubwa. Ni kweli, wala sisemi tuache kuzika kwa heshima. Nasema tu kwamba chama kisichokosa kamwe fedha za jeneza, lakini kisichoona shilingi ya kidonge, kitaulizwa na watoto wetu kilikuwa chama cha ustawi wa nani. Uamuzi ni wenu, wazee wetu, nasi vijana tutaufuata.